Haki ya Kuita Mkutano: Mbiu, Baraza na Tangazo katika Milima ya Usambara

Historia ya utawala katika milima ya Usambara imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majina ya watawala, vita vyao na mipaka ya himaya zao. Ni nadra kutazamwa kwa upande wa kazi ambayo kila mtawala wa milima hiyo alilazimika kuifanya kabla ya kutoza kodi au kutoa amri yoyote, nayo ni kazi ya kuwafikishia watu habari na kuwakusanya mahali pamoja. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa halmashauri ya wilaya, ambayo huitisha mikutano, huandaa maadhimisho, hubandika matangazo na kutuma watendaji wake vijijini, na kwa mtazamo wa juu juu huonekana kuwa shughuli ya ofisi isiyo na historia. Ukweli ni kwamba katika Usambara haki ya kuwaita watu, na haki ya watu hao kujibu wakishaitwa, zimegombewa kwa zaidi ya miaka 200, na serikali mojawapo ilishindwa katika mradi wake mkubwa kuliko yote kwa sababu ilikuwa na haki ya kwanza tu.

Umbo la nchi lenyewe liliifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Usambara Magharibi, ambako ndiko iliko sehemu kubwa ya wilaya ya Lushoto kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa, huinuka ghafla kutoka tambarare ya Mombo na Mazinde hadi kufikia mji wa Lushoto ulio kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha huendelea kupanda kuelekea Magamba, Shume na Mtae. Makazi yametawanyika kwenye migongo ya milima na miinuko iliyotenganishwa na mabonde yenye kina, kiasi kwamba mtu aliye upande mmoja aweza kuona moshi wa jiko la jirani yake wa ng'ambo na bado akahitaji mwendo wa saa nzima kumfikia. Watu nao ni wengi: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 492,441 katika wilaya nzima. Nchi ya namna hiyo haitawaliki kutoka sehemu moja bila mtandao wa watu wa kati, na historia inayofuata ni kwa kiasi kikubwa historia ya watu hao wa kati, wawe wana wa mfalme, maakida, mazumbe, mabalozi wa nyumba kumi au watendaji wa vijiji.

Mtandao wa kwanza unaofahamika vizuri ni ule wa Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotawala Washambaa kutoka Vugha, mji ulio upande wa kusini wa milima, si mbali na Soni ya leo. Masimulizi ya chimbuko lao, ambayo yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, yanamtaja Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu, aliyewagawia watu nyama, akaua simba na hatimaye akakubaliwa kuwa mfalme. Wanahistoria wamejadili sana kiasi cha ukweli uliomo katika kisa hicho, na mjadala huo hauhitaji kurudiwa hapa. Linalohusu mada hii ni kwamba kisa chenyewe, ambacho kiliuhalalisha ufalme, hakisemi kwamba Mbegha aliiteka nchi kwa silaha, bali kinaeleza kwamba watu walimwona, wakampima kwa matendo yake, wakamtaka. Kwa hiyo ufalme wa Vugha ulijieleza tangu mwanzo kama matokeo ya ridhaa ya watu waliokusanyika, hata pale ambapo matendo ya watawala yalikwenda kinyume na maelezo hayo.

Ufalme huo ulifikia kilele chake wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kuanzia takriban mwaka 1815 hadi alipofariki mwaka 1862, na ambaye aliwaweka wanawe kuwa watawala wa nchi mbalimbali chini yake, kila mmoja akiwa na makao na baraza lake. Neno baraza hapa litumike kwa maana zake zote mbili za kawaida, yaani mahali pa kukaa na kusikiliza mashauri, na pia mkutano wenyewe unaofanyika mahali hapo. Kesi, ugomvi wa mipaka, madai ya ng'ombe na taarifa za vita vilipelekwa barazani, na kutoka huko amri zilishuka hadi vijijini kwa midomo ya wajumbe. Katika nchi zilizo nyuma ya pwani ya Tanga, kama ilivyokuwa pwani kwenyewe, jambo la watu wote lilitangazwa pia kwa mbiu, ambayo ni pembe ya nyati inayopulizwa na kufuatiwa na maneno ya mpiga mbiu. Mlio wa mbiu haukueleza jambo lenyewe, ila uliwalazimu wasikiaji waache walichokuwa wakifanya waje kuuliza, na kwa sababu hiyo haki ya kuipiga haikuwa ya kila mtu. Wageni nao walijua kwamba njia ya kuifikia nchi ilipitia barazani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alihitaji idhini ya Kimweri kabla ya lolote, na Richard Burton na John Hanning Speke walipopanda huko mwaka 1857 walipokewa na mzee huyo huyo.

Kulikuwa na chombo kingine cha mawasiliano kati ya mfalme na watu, ambacho msomaji wa leo aweza kukipuuza kwa urahisi, nacho ni mvua. Steven Feierman, mwanahistoria aliyefanya utafiti Usambara kuanzia miaka ya 1960 na kuchapisha vitabu vya The Shambaa Kingdom mwaka 1974 na Peasant Intellectuals mwaka 1990, ameonyesha kwamba Washambaa waliuzungumzia utawala kwa dhana mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kuzifya shi, ambayo maana yake ni kuiponya au kuitengeneza nchi, na ya pili ni kubana shi, ambayo maana yake ni kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu zisizo na mpinzani aliaminika kuleta mvua na shibe, na watawala wenye kugombana, nguvu ikikabiliana na nguvu, waliaminika kuleta ukame na njaa. Imani hiyo ilikuwa na kazi ya kisiasa iliyo wazi kabisa, kwa kuwa iliwapa wakulima wasio na silaha wala cheo lugha ya kuulaumu utawala hadharani bila kuonekana waasi: aliyelalamika kwamba mvua imekosekana alikuwa anamlalamikia mtawala, na kila aliyekuwepo barazani alilielewa hilo.

Kifo cha Kimweri kilifuatiwa na miaka mingi ya vita kati ya wanawe na wajukuu zake, hasa kati ya Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara na kupata bunduki kutokana na biashara, na wale walioshikilia Vugha. Wabondei waliokuwa chini ya Wakilindi upande wa mashariki waliungana wakawafukuza watawala hao katika uasi uliojulikana kwa jina la Kiva. Mitandao ya zamani ya habari ilikatika, watu wakaishi kwa tetesi na hofu ya kutekwa na kuuzwa, na Wajerumani walipofika waliikuta nchi yenye mabaraza mengi yasiyotambuana.

Wajerumani walianzisha makao ya wilaya mahali walipopaita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili, ambapo ndipo Lushoto ya leo. Mtawala wa Kikilindi aliyeitwa Mputa walimnyonga, na Kinyashi aliyemfuata akajiuzulu baada ya miaka michache, kisha kazi ya kuwafikia watu ikapewa maakida na majumbe, ambao walikuwa watumishi wa kuteuliwa, wengi wao maakida wakiwa watu wenye kujua Kiswahili na kusoma, wasio na mizizi katika koo za milimani. Mkuu wa wilaya aliketi kusikiliza mashauri siku maalumu, na neno la Kiswahili shauri liliingia katika maandishi ya Kijerumani jinsi lilivyo. Lakini kilichobadilika zaidi ni kwamba amri ilianza kufika ikiwa karatasi. Kodi ya vibanda ilidaiwa kwa hesabu na stakabadhi, na mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha utaratibu wa kadi za kazi, ambao ulimtaka mwanamume kumfanyia kazi mzungu mwenye shamba kwa siku 30 katika kila miezi minne na kuthibitisha hivyo kwenye kadi yake, la sivyo alichukuliwa kwa kazi za serikali. Kwa watu wengi wa Usambara, hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya kwanza ya serikali iliyowafikia kwa maandishi, kila mtu na yake, na haikuwa na nafasi ya jibu.

Maandishi, hata hivyo, hayakuwa ya upande mmoja kwa muda mrefu. Wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo mwaka 1891, wakaeneza shule, na baadaye misheni yao ikawa na kiwanda cha uchapaji huko Vugha. Shule ya serikali ya Tanga nayo ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambalo lilichapisha habari zilizoletwa na walimu na watumishi wa serikali kutoka wilayani. Walowezi walikuwa na gazeti lao la Kijerumani, Usambara-Post, lililotoka Tanga pia. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mkoa uleule ulizaa magazeti mawili yaliyosomwa na watu walioishi karibu namna hiyo na yasiyozungumza na wasomaji wa mwenzake hata kidogo.

Chini ya Waingereza, Wilhelmstal ilirudi kuitwa Lushoto, na katika miaka ya 1920 gavana Donald Cameron alileta mfumo wa utawala wa kupitia wenyeji, uliowekwa kisheria na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926. Kinyashi alirudishwa katika kiti cha Vugha, mazumbe, yaani watawala wadogo walio chini ya mfalme, wakawekwa tena katika maeneo yao, na mahakama na hazina za wenyeji zikafunguliwa. Kwa nje ilionekana kana kwamba baraza la kale limefufuliwa. Ndani yake lilikuwa kitu kipya, kwa sababu zumbe alilipwa mshahara, aliandikiwa barua na ofisi ya wilaya, na aliweza kuondolewa na ofisi hiyo hiyo. Mkutano wa hadhara wa wakati huo, ambao nao uliitwa baraza, ulikuwa na mpangilio unaotambulika karibu kila mahali katika Tanganyika: afisa wa wilaya katika ziara yake, kiti na meza chini ya mti, zumbe na karani pembeni, watu wameketi chini, maagizo yakisomwa, kisha maswali machache. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilieneza habari na mafunzo kwa wanaosoma, na wanaosoma waliwasomea wasiojua.

Udhaifu wa baraza la namna hiyo ulionekana kwanza kwa majirani. Huko Upare, serikali ilipojaribu katika miaka ya 1940 kuleta kodi ya ziada iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikaipa jina la mbiru ambalo lilitokana na ushuru wa zamani wa watawala, watu hawakubishana barazani. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka milimani wakaenda kukaa Same, kwenye makao ya wilaya, wakakataa kuondoka. Waligeuza utaratibu, kwa maana kwamba badala ya kuitwa na serikali walijiita wenyewe wakaiita serikali ije kuwasikiliza. Habari hiyo haikuhitaji gazeti ili ivuke bonde linalotenganisha Upare na Usambara.

Mwaka uliofuata, 1946, serikali ilianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambao mwaka 1950 ulipanuliwa na kuwa Mpango wa Usambara. Tatizo lililokusudiwa lilikuwa la kweli. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, sehemu kubwa ya misitu ilikuwa imetengwa na serikali au kuchukuliwa na walowezi, mashamba yalikuwa yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, na udongo ulikuwa unashuka na mvua. Dawa iliyoandikwa ilikuwa kila mkulima achimbe matuta yanayokingama mteremko na kuunganishwa ili yashike maji, miteremko iliyozidi nyuzi 25 iachwe bila kulimwa mazao ya kila mwaka, na mifugo izuiwe kuharibu ardhi. Mabwana shamba walikagua, na aliyekaidi alipelekwa mbele ya mahakama ya zumbe akatozwa faini.

Kama kazi ya mawasiliano, mpango huo haukukosa vyombo. Ulikuwa na mabaraza, wakaguzi, mashamba ya mfano, mazumbe wa kutangaza na mahakama za kukazia, na pengine hakuna agizo la serikali lililowahi kufikishwa Usambara kwa ukamilifu zaidi. Watu walielewa vizuri sana walichotakiwa kufanya. Kilichokosekana ni njia ya habari kupanda. Mabaraza yalihudhuriwa na kusemewa hasa na wanaume, ilhali jembe la shamba la chakula lilikuwa mikononi mwa wanawake, na matuta yaliongeza kazi yao maradufu katika miezi ambayo hata bila hayo walikuwa hawana nafasi. Mjane au mwanamke mzee asiye na wa kumsaidia hakuweza kuyamaliza, na faini ilimfuata. Amri ya kuacha miteremko mikali iligusa jambo zito zaidi, yaani taratibu za kuazimana mashamba, ambazo zilimwezesha mwenye ardhi kidogo kuomba kipande cha kulima kwa ndugu au jirani: mwenye mashamba mengi aliyezuiwa kulima baadhi yake hakuwa tena na cha kuazimisha. Mambo haya yote yalijulikana kwa kila mtu kijijini, na hayakuwa na mlango wa kuingilia katika ajenda ya mkutano ulioitishwa ili kusoma kanuni.

Hapo ndipo lugha ya zamani ilipofanya kazi mpya. Kwa kuwa mazumbe walikuwa wanatoza faini kwa niaba ya serikali ya kikoloni, ilisemwa kwamba wanaiharibu nchi badala ya kuiponya, na mazungumzo kuhusu mvua na njaa yakawa mazungumzo kuhusu uhalali wao. Feierman amefuatilia namna wakulima, makarani na wafanyabiashara wadogo walivyoitumia dhana ya kuzifya shi kujadili hata suala la nani achaguliwe na nani aondoke. TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilipopanda Usambara hakikulazimika kuunda manung'uniko, kwani kiliyakuta tayari na kuyapa jukwaa. Mkutano wa chama ulifanana na baraza kwa mpangilio wa viti na tofauti yake kubwa ilikuwa kwamba aliyekuja alikuwa amekuja kwa hiari. Katika Uluguru, ambako matuta ya ngazi yalilazimishwa kwa namna inayofanana, ghasia zilizuka mwaka 1955. Usambara haikufika huko, ila upinzani wa kuchelewesha, kukwepa na kukaa kimya ulitosha, na mwaka 1957 mpango uliachwa. Matuta mengi yalisawazishwa kwa majembe yale yale yaliyoyachimba.

Hukumu ya haki juu ya maafisa wa mpango huo yapasa kukumbuka kwamba kuhusu udongo walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, jambo ambalo wapinzani wao wa wakati huo hawakuwa na sababu ya kulikiri. Gharama ya kushindwa kwao ililipwa na mabonde ya chini kwa miaka mingi, na kwa zaidi ya kizazi kimoja neno matuta likitamkwa mkutanoni lilitosha kuwafunga masikio wasikilizaji.

Baada ya uhuru, mamlaka za wenyeji zilibadilishwa kuwa halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa, na mwaka 1963 sheria iliyotambua madaraka ya machifu ilifutwa, hivyo kiti cha Vugha kikabaki na heshima bila serikali. Njia ya habari ikapitia chama. Kuanzia mwaka 1964 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, ambao kila mmoja alisimamia kundi la kaya kumi hivi, na kwa nchi ya makazi yaliyotawanyika kama Usambara mpango huo ulikuwa na faida ambayo hakuna akida aliyewahi kuwa nayo: ujumbe wa jioni uliweza kuvuka mabonde na kufika kila mlango kabla ya kesho yake adhuhuri. Redio ya taifa iliongeza sauti kutoka mbali. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini kote katika vikundi vilivyosikiliza vipindi vya redio, kusoma vijitabu na kisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira, na bado hutajwa kuwa mfano mzuri wa serikali kuzungumza na wananchi vijijini. Mwaka mmoja kabla yake, serikali ilikuwa imezifuta halmashauri za wilaya kwa sera iliyoitwa ya madaraka mikoani, ambayo kwa kweli ilihamisha watumishi wa serikali kuu kwenda wilayani na kumwacha mwananchi bila diwani wa kumwendea.

Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, na kuanza kazi mwaka 1984. Katika kipindi hicho Lushoto ilikuwa uwanja wa jaribio jingine la kuhifadhi udongo, mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani uliojulikana kwa kifupi cha SECAP, ulioanza mwaka 1981 na kudumu hadi mwaka 2000. Ulihimiza mistari ya majani ya malisho, hasa Guatemala, iliyopandwa kukinga mteremko, miti mashambani, na ufugaji wa ng'ombe zizini ili majani yawe chakula chao na samadi irudi shambani. Kwa mhandisi, mistari hiyo ilifanya kazi ileile ya matuta. Kwa mkulima kulikuwa na tofauti kubwa, kwa kuwa mstari wa majani ulimpa maziwa, na mtu aliyekataa hakupelekwa mahakamani. Mradi ulipita katika mikutano ya vijiji, kamati za mazingira na ziara za wakulima kutembelea wenzao, na ziara hizo ziliwashawishi wengi kuliko hotuba, maana mkulima wa Usambara huamini shamba analolikanyaga. Kuanzia mwaka 1998, mpango wa utafiti wa nyanda za juu za Afrika uliofanya kazi katika vijiji kama Kwalei uliendeleza njia hiyo na kuigusa hata mijadala ya sheria ndogo, ambazo ni kanuni zinazotungwa na kijiji au wilaya kwa mambo ya eneo lake.

Sheria ya 1982 ndiyo iliyoweka kwa maandishi kile ambacho awali kilitegemea tabia ya mtawala. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, wanawake na wanaume, umetajwa kuwa chombo kikuu cha kijiji, na unapaswa kufanyika angalau mara moja katika kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwake, na sheria ndogo ya kijiji haiwezi kupelekwa wilayani kuidhinishwa kabla watu hawajaulizwa maoni yao mkutanoni. Halmashauri ya wilaya nayo inatakiwa kutangaza kusudio lake inapotaka kutunga sheria ndogo ili wenye pingamizi walilete, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka huo huo inadai hesabu zilizokaguliwa zitangazwe. Kutokana na matakwa hayo zilizaliwa mbao za matangazo zinazoonekana nje ya ofisi za kata na vijiji, zikiwa na karatasi za mapato na matumizi ambazo mvua za Usambara huzifuta mapema kuliko wino ulivyokusudiwa.

Kazi ya kuandaa matukio ya jamii iliongezeka pamoja na kazi ya kutangaza. Tukio kubwa zaidi kwa halmashauri ni kupita kwa Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa kwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961 na ambao mbio zake huzunguka halmashauri zote za nchi kila mwaka. Miradi hukamilishwa kwa haraka ili izinduliwe, barabara hutengenezwa, michango huombwa, na usiku wa mkesha huwakutanisha watu waliotoka vijiji vya mbali. Wapo wanaoulaumu Mwenge kwa gharama zake, na hoja yao ina uzito, ingawa ni vigumu kutaja tukio jingine linalomlazimisha kiongozi wa kitaifa kusimama kwenye zahanati ya milimani na kuuliza hadharani fedha zake zilitumikaje. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane, Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, siku za upandaji miti, na siku za afya na lishe za vijiji hukamilisha kalenda ambayo maofisa wa maendeleo ya jamii huipanga kila mwaka wa fedha. Gari la matangazo lenye vipaza sauti hutangulia siku moja au mbili, likipita pale barabara inaporuhusu, na pale inapoishia kazi humrudia mtu wa miguu.

Mtu huyo kwa kawaida ni mwenyekiti wa kitongoji, yaani sehemu ya kijiji, au mjumbe aliyetumwa na mtendaji wa kijiji. Hupita nyumba kwa nyumba, hutoa taarifa kwa viongozi wa msikiti na kanisa ili itangazwe baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, na siku ya soko husimama mahali ambapo watu wa mabonde kadhaa hukutana kwa wakati mmoja. Simu za mkononi na makundi ya ujumbe yamefupisha kazi yake, na tovuti ambazo halmashauri zote nchini zilifunguliwa mwaka 2017 zimewawezesha watu wa Lushoto waishio Dar es Salaam kujua mambo ya kwao. Wito wa mkutano mkuu wa kijiji, hata hivyo, bado hupitishwa kwa mdomo. Ukubwa wa wilaya ulikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya upande wa Bumbuli utengwe katika miaka ya 2010 na kupewa halmashauri yake, hivyo wakazi waliokuwa wakipanda hadi Lushoto kufuata kikao cha madiwani wakapata chao karibu zaidi. Mahudhurio ya mikutano ya kila miezi mitatu hutofautiana sana kati ya kijiji na kijiji. Hupanda panapokuwa na jambo la ardhi, maji au mchango, na hushuka pale ambapo wahudhuriaji wa mkutano uliopita waliuliza kuhusu mapato na matumizi wakaambiwa kwamba taarifa italetwa mkutano ujao.